“Imepona, Mzee”

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tuliimeza sekondari, tukaitapika kwenye mtihani wa insha, mwalimu akaweka tiki, basi. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja maradhi yenyewe yatakuwa ya kompyuta, na mfichaji nitakuwa mimi.

Ndugu msomaji, swali langu ni hili: fundi akikirudisha kitu kazini bila kuutoa ugonjwa wake, ametengeneza au amedanganya? Kijiweni kwetu hapa Same tumelibishania mpaka kahawa ikapoa. Mmoja alisema fundi ni fundi, kitu kikifanya kazi dai lako limekwisha. Mwingine akasema huo ni utapeli mtupu. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kesi.

Nijieleze kidogo. Nimemaliza kidato cha nne, mambo hayakuwa mazuri sana, nikabaki mjini. Mchana nafanya kazi kwenye steshenari moja si mbali na stendi, pale ambapo mabasi ya Dar na Arusha hupita yakituachia vumbi na kelele za wauza maji. Usiku naandika riwaya ambayo bado haijapata mchapishaji, wala mwisho. Ufundi wa kompyuta sikuusomea. Nimeuokota kwa kufungua, kuharibu, na kufunga tena.

Siku moja akaja mzee mmoja kutoka milimani, juu ya Mwembe. Alishuka na gari la asubuhi, kompyuta ameifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Huyu mgonjwa wangu haamki.”

Mzee huyu ana chumba kimoja kijijini kwake ambamo anapiga picha za pasipoti, anachapa barua za watu, na anawajazia vijana fomu za mtandaoni. Kompyuta ni ya mtumba, ya mezani. Aliachana na Windows kwa sababu virusi vya flashi za wateja vilikuwa vimemchosha, kijana mmoja akamwekea Linux. Ilifanya kazi vizuri, mpaka siku mfumo ulipojisasisha. Toka siku hiyo ukiiwasha inafika katikati, maandishi meupe yanajaa kwenye kioo cheusi, inasimama. Unazima, unawasha, inasimama palepale.

Hapa inabidi nieleze jambo moja, wasiojua kompyuta mnivumilie. Ndani ya kila kompyuta kuna programu iliyo mama wa programu zote, mafundi huiita kerneli. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, ndiyo inayoamua nani aongee na diski na nani asubiri. Lakini kerneli haijui lugha ya kila kifaa duniani. Kwa hiyo kuna wakalimani, wanaitwa draiva: huyu wa kibodi, huyu wa modemu. Tatizo ni kwamba mkalimani huyu anakaa chumba kimoja na mfalme. Programu ya kawaida ikikosea inafungwa peke yake, wengine wanaendelea na shughuli zao. Draiva ikikosea inakosea ndani ya kiini, na inaweza kuangusha nyumba nzima.

Aliyekulia Upareni atanielewa upesi nikimtajia ndiva. Ndiva ni bwawa la kienyeji la kumwagilia. Maji ya mfereji yanakusanywa humo usiku, asubuhi mlango unafunguliwa, yanateremka mashambani kwa zamu. Mfereji wa shamba lako ukitoboka, hasara ni yako. Ukuta wa ndiva ukitoboka, hata yule wa mwisho kule bondeni, ambaye hajui kilichotokea, atakuta mahindi yake yamenyauka. Kosa dogo mahali pa wote si kosa dogo.

Basi, nikayasoma yale maandishi kwenye kioo. Karibu na mwisho lilikuwepo jina la draiva ya modemu. Nikachomoa modemu, nikawasha: mashine ikaamka kama haijawahi kuumwa. Nikaichomeka tena: ikaganda. Nikajua mchawi yuko hapo. Nikawasha tena, safari hii nikachagua kerneli ya zamani, ile ya kabla ya sasisho. Ikawaka na modemu ndani, intaneti ikapatikana. Nikaiwekea amri kwamba kuanzia leo iwake kwa ile ya zamani. Kazi yote haikufika saa nzima.

Nikamwambia, “Imepona, mzee.”

Akanilipa shilingi elfu kumi na tano, akanipa na baraka. Akaifunga mashine yake kwenye blanketi, akapanda gari la mchana.

Sasa jamani, “imepona” ni neno zito. Nilijua haijapona. Nilikuwa nimeuzunguka ugonjwa kama unavyozunguka shimo barabarani. Draiva ilikuwa na kasoro ileile, modemu ileile, na kerneli mpya yenye kasoro ilikuwa imelala humohumo kwenye diski ikisubiri zamu yake. Nilijua pia kwamba mfumo ule, kila unapojisasisha, unaweza kuivuruga amri kama ile niliyoiweka.  Maana yake, baada ya masasisho kadhaa, mashine ingeweza kurudi kuwaka kwa kerneli yenye kasoro. Dawa niliyotoa ilikuwa na tarehe ya kuisha, na mimi sikuiandika kwenye chupa.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana. Kwanza, kulikuwa na foleni ya wateja. Pili, nilijiambia mzee hataelewa habari za kerneli. Tatu, na hii ndiyo kweli, niliona nikisema “nimeziba tu, sijatengeneza” labda atanipa elfu tano badala ya kumi na tano. Sababu mbili za kwanza zilikuwa nguo. Ya tatu ndiyo mwili.

Miezi mitano ikapita. Usiku mmoja, saa tatu hivi, mvua imenyesha, tunataka kufunga, bodaboda ikasimama mlangoni. Akashuka mama mmoja na binti yake, wamelowa, matope hadi magotini. Binti alikuwa amemaliza kidato cha sita, na maombi ya mkopo wa chuo yalikuwa yanafungwa saa sita usiku huo. Walikuwa wamekwenda kwa mzee wa kijijini kwao tangu asubuhi. Mashine yake iligoma kuwaka. Simu ya mzee ni kitochi, ya mama vilevile. Walisubiri hadi jioni wakidhani itaamka. Mwisho mama akakopa nauli, wakateremka mlima gizani kwenye utelezi, watu watatu juu ya pikipiki moja.

Sikuhitaji kuuliza mashine iligomea wapi.

Tukakaa. Tukaskani vyeti, tukajaza, tukachapa, binti akasaini, tukapandisha. Mtandao ulikuwa mzito kwa sababu nchi nzima ilikuwa inakimbilia mlango uleule. Saa tano na nusu ikakubali. Mama akafungua kitambaa, akanilipa, kisha akatoa tangawizi amezifunga kwenye gazeti, akanipa kwa mikono miwili. “Ahsante sana mwanangu. Mungu akuzidishie. Bila wewe mwaka wa mwanangu ulikuwa umepotea.”

Nikapokea. Nikasema, “Karibu tena, mama.”

Msomaji, nimewahi kuibiwa, nimewahi kutukanwa hadharani. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia kushukuriwa na mtu niliyemkosea bila yeye kujua. Tangawizi zile sikuzila. Zilikaa kwenye rafu mpaka zikaota.

Baada ya usiku ule ndipo nilipoanza kuutafuta ugonjwa wenyewe, si njia ya kuuzunguka. Nilisoma usiku kwa usiku badala ya kuandika riwaya. Nikakuta kasoro ni ndogo ya kuchekesha. Modemu ya mzee ilikuwa ya bei poa, yenye njia chache za kupitisha data kuliko zile ambazo draiva ilizoea. Draiva inapoamka inaulizia njia fulani. Jibu likarudi sifuri, yaani hakuna. Badala ya kuliangalia jibu kwanza, ikaenda moja kwa moja kwenye anwani hiyo ya sifuri na kujaribu kusoma kilichomo. Ni kama mtu ameambiwa “fulani hakai hapa”, naye bado anasukuma mlango na kuingia na mizigo yake. Tiba yake ni mistari miwili tu: kama hakuna, rudi ukaseme hakuna.

Na hiyo mistari miwili ilikuwa tayari imeandikwa. Mtu mwingine, nchi nyingine, asiyenijua wala kumjua mzee, aliona maandishi kama yale kwenye kioo chake. Tofauti yetu ni kwamba yeye alisema.

Linux ni kama msaragambo. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki, lakini leo ni kazi ya maelfu ya watu, kila mtu na jembe lake. Wana desturi moja inayonigusa. Anayeleta marekebisho huandika chini yake nani aliyeripoti kasoro, na hutaja wazi ni badiliko lipi la nyuma lililoileta.  Wanasema tu: kosa liliingilia hapa, fulani aliliona, fulani ameliziba, na jina langu hili hapa. Kwetu sisi, kosa likitajwa tunatafuta mchawi. Wao wanatafuta mstari.

Msidhani haya ni mambo ya modemu za mtumba tu. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma sasisho dogo kwa wateja wake duniani. Programu yao inakaa mulemule ndani ya kiini cha Windows. Sasisho lilitaka thamani 21 zikaguliwe, lakini programu ilipewa 20. Ikaenda kuchungulia ya 21 mahali ambapo haikuwepo. Saa 2:27 walikuwa wameliondoa sasisho lile, lakini maji yalikwisha kumwagika. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Zilikuwa zinawaka, zinaanguka, zinawaka, zinaanguka. Ndege zikakaa chini, hospitali zikaahirisha matibabu. Na tiba? Mara nyingi ilibidi fundi aende mashine kwa mashine, aiwashe katika hali ya usalama, afute faili moja. Kwa mikono, kama sisi. Agosti mwaka huohuo kampuni ikatoa maelezo marefu ya chanzo, na hesabu ile ya 21 na 20 imo ndani.

Na mzizi wa sifuri ile ya modemu ni wa zamani zaidi. Mwaka 1965 mtaalamu wa Kiingereza, Tony Hoare, alipokuwa akibuni lugha ya kompyuta ya ALGOL W, aliweka humo wazo la anwani isiyoelekeza popote. Aliiweka kwa sababu ilikuwa rahisi kuiweka. Mwaka 2009, akiwa na miaka 75, alisimama London mbele ya mafundi akaliita kosa lake la dola bilioni moja. Fikiria: mzee mwenye heshima zote, ambaye hakuna aliyemshtaki, anasimama mwenyewe na kusema hili ni langu. Mimi na elfu kumi na tano zangu nilishindwa kusema mbele ya mtu mmoja.

Kuna jambo jingine lililonifunza aibu. Kwa nini kerneli husimama? Kwa nini isijikaze tu, iendelee? Kwa sababu ikishagundua kwamba kumbukumbu yake yenyewe haiaminiki, haiwezi tena kujua lipi ni kweli. Ikiendelea inaweza kuandika uongo juu ya diski, ikaharibu barua za watu, picha za watu, vyeti vya watu. Kwa hiyo inaona afadhali iaibike mbele ya mwenye nyumba, iandike kosa lake kwa herufi nyeupe, inyamaze. Sisi tulikuwa tunaitukana mashine ile kwa sababu imegoma. Kumbe katika chumba kile, siku ile, mashine ndiyo iliyosema kweli. Aliyeendelea kama vile hakuna kitu ni fundi.

Nilipopata kerneli yenye ile mistari miwili nikaiweka kwenye flashi, nikapanda gari la mlimani. Nilimkuta mzee anachambua maharage kizingitini. Nikafanya kazi yangu, mashine ikawaka na modemu ndani, kwa kerneli mpya kabisa. Halafu nikamwambia yote: mara ile ya kwanza sikuponya, nilizunguka, nilijua, na nilipokea hela.

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alinyamaza kidogo, akasema:

“Mwanangu, ukuta wa ndiva ukitoboka usiku, hakuna anayekanda udongo gizani. Unaziba kwa majani na magunia, maji yasiishe. Hilo si kosa. Lakini asubuhi unawaambia wenzako, pale nimeziba kwa majani. Unaitishwa msaragambo, udongo unashindiliwa. Usiposema, wa zamu inayofuata anajaza maji mpaka juu, akiamini anaegemea ukuta.”

Kisha akaongeza, kama mtu anayejisemea: “Ungeniambia modemu hii ina kisirani, ningeuza tangawizi nikanunua nyingine.”

Hapo ndipo nilipopata jibu langu, na ndilo ninalolileta kwenu. Kuzunguka ugonjwa si dhambi. Daktari hushusha homa kabla hajajua inatoka wapi. Anayevuka mto kwa gogo hangoji daraja la serikali. Maisha yetu mengi, hasa sisi vijana wa kubangaiza, yamefungwa kwa kamba na misumari ya kuazima, na anayesema kila kitu kitengenezwe kikamilifu au kisitengenezwe kabisa, huyo hajawahi kulala njaa. Kosa langu halikuwa majani. Kosa langu lilikuwa kuyaita majani udongo. Niliponyamaza sikumficha mzee habari za kerneli tu, nilimnyang’anya uamuzi. Alikuwa na njia zake: kununua modemu nyingine, kutuma watu Same mapema, kuwaambia wazazi wasingoje siku ya mwisho. Nilimchagulia mimi kutojua, kisha nikamtoza hela.

Wapo watakaosema, mteja wa kijijini haelewi, ukimweleza utamchanganya. Hoja hii naijua, niliitumia. Lakini mzee hakuhitaji kujua anwani ya sifuri ni nini. Alihitaji maneno machache tu: “Inawaka, ila haijapona; ikigoma tena, chanzo ni modemu.” Haya yanaeleweka kwa Kiswahili, kwa Kipare, hata kwa ishara. Tunaposema mtu hataelewa, mara nyingi tunaogopa kwamba ataelewa.

Na ninyi waandishi wenzangu msicheke, mkadhani haya ni ya mafundi. Katika riwaya yangu, sura ya saba, kuna kijana anayekufa kwa ajali ya basi. Kila aliyeisoma amesifu ile ajali. Ukweli ni kwamba nilimuua kwa sababu sikujua nimfanyeje. Mapenzi yake na yule msichana hayakuwa na mantiki tangu sura ya tatu, nami badala ya kurudi kule nikaleta basi. Ni kerneli ya zamani ileile. Nimeanza kuirudia sura ya tatu.

Limebaki moja. Binti alipata mkopo, nimesikia yuko chuoni. Mama yake bado hajui kwamba kijana aliyempa tangawizi usiku ule ndiye aliyemteremsha mlima gizani. Nimejitetea kwamba mambo yaliisha salama, na ya nini kumfufulia mama wa watu machungu. Lakini nikiisikiliza vizuri hoja hiyo, nasikia sauti ileile iliyosema “imepona, mzee”.

Nimeandika makala hii kwanza kwa sababu kuandika ni rahisi kuliko kupanda. Siku ya gulio huwa anateremka kuuza; nitamngoja stendi. Wewe uliyesoma mpaka hapa, kama unaona nimechelewa mno na bora ninyamaze, niandikie uniambie kwa nini. Nitakusoma. Lakini kwa mama nitakwenda.